Kwa nini hedseti ya rubani bado inaigiza maiki ya kizamani?

Hebu fikiria umekaa kwenye ndege ndogo ya mafunzo, Uwanja wa Ndege wa Tabora. Hedseti umeazima, ya kijeshi, nzima kabisa. Injini inawaka. Mwalimu anaongea, unamsikia kwa mbali. Wewe ukijibu, yeye hasikii kitu. Plagi imeingia vizuri kwa adapta na hakuna waya uliokatika. Sasa tatizo liko wapi?

Njia ya misafara iliyopita Tabora iliujua ugonjwa huu zamani. Mwaka 1871, kabla ya kuondoka Zanzibar, Henry Morton Stanley ilibidi ajifunze shanga zipi zinapokelewa wapi. Nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, kwingine zilikataliwa. Shanga zilikuwa nzima, ila hazikuoana na soko la mbele. Kilichokubalika sehemu kubwa ya njia ni kitambaa cha merikani, kilichopimwa kwa shuka na doti, maana watu walishakizoea.

Ndege nazo zilipitia hayo hayo. Tabora ilipata habari za ndege mapema: Februari 27, 1920, Vickers Vimy iliyokuwa ikijaribu safari ya kwenda Cape Town ilianguka hapo ikiruka. Miaka hiyo mwalimu na mwanafunzi waliongea kwa bomba la mpira, kutoka mdomoni mwa mmoja hadi masikioni mwa mwingine. Robert Smith-Barry ndiye aliyelianzisha mwaka 1917 katika shule yake ya urubani huko Gosport, Uingereza. Halikuwa na umeme, kwa hiyo tatizo la umeme kutooana halikuwepo.

Umeme ulipoingia, ulikuja na maiki ya kaboni, teknolojia ya simu ya miaka ya 1870. Ndani yake kuna chembe za kaboni. Sauti yako inazibana na kuziachia, ukinzani wake unabadilika, na mkondo wa umeme unaopita humo unabadilika pamoja na sauti. Maana yake ni kwamba redio lazima ipeleke umeme kwenye maiki kwanza. Katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilitumia plagi mbili tofauti, nene ya kusikilizia na nyembamba ya maiki. Vita vikaisha, ndege ndogo za kiraia zikarithi plagi hizo pamoja na umeme ule.

Kaboni yenyewe imeshaachwa, lakini redio bado zinapeleka umeme huo, kama volti 8 hadi 16. Hivyo hedseti ya kiraia ya leo ina maiki ya kisasa na amplifaya ndogo inayokula umeme huo, kisha inatoa mawimbi kana kwamba ni kaboni. Yaani inaigiza!

Turudi kwa hedseti uliyoazima. Nyingi za kijeshi zina maiki isiyo na amplifaya, na sauti inayotoka ni dhaifu mno kwa redio ya kiraia. Spika zake za masikioni zina ukinzani wa takriban ohm 8, wakati za kiraia ni kama 150 hadi 600. Ukiziunganisha kwenye intakomu moja, za kwako zinavuta mkondo mwingi na sauti inaweza kushuka hata kwa mwalimu. Adapta ya kawaida inabadilisha umbo la plagi tu. Dawa ni adapta yenye amplifaya ya maiki na transfoma ya kulinganisha ukinzani.

Kwa hiyo kabla hujanunua hedseti ya mtumba, uliza mambo matatu: plagi ni ya aina gani, spika zina ohm ngapi, na maiki ina amplifaya? Kisha ijaribu kwenye ndege ile ile utakayorukia, ikiwa bado chini, injini ikinguruma na mwalimu akiwa kando yako. Neno "mimi nashika usukani" lisiposikika futi 500 juu ya ardhi, hakuna muda wa kuchunguza plagi.