Bukoba hadi Muleba kwa baiskeli: Lami au mlima wa Kamachumu

MWENDESHA baiskeli atokaye Bukoba kwenda Muleba, mkoani Kagera, huifuata barabara kuu ya lami ielekeayo kusini, Ziwa Victoria likiwa upande wa kushoto. Safari hiyo huzidi kilomita 60, na vilima ni vingi.

Kabla ya Kemondo, inafaa kuchepuka hadi Katuruka, eneo la Maruku, ambako wataalamu wa mambo ya kale walifukua mabaki ya uyeyushaji wa chuma yenye umri wa takribani miaka 2,000. Kemondo yenyewe ni bandari. Meli ya MV Bukoba ilipitia hapo kabla ya kuzama karibu na Mwanza, Mei 21, 1996.

Uamuzi mgumu uko Muhutwe. Barabara kuu ndiyo fupi, lakini mwendesha baiskeli hugawana lami na mabasi na malori, na usiku haifai kabisa. Njia ya pili, Muhutwe–Kamachumu–Muleba, ina kilomita zipatazo 54 na mlima usio na huruma. Hata wenyeji wenye mikungu ya ndizi huusukuma. Hata hivyo ndiyo bora kwa mwenye siku mbili, kwani hupita katikati ya migomba na mibuni, katika tarafa alikozaliwa, mwaka 1912, Laurean Rugambwa, Kardinali wa kwanza Mwafrika.

Juni hadi Agosti mvua hupungua. Anayerejea kupitia Kamachumu akague breki kabla ya kuteremka Muhutwe.