Mapango ya Karura

Aingiaye msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, husahau upesi kwamba jiji li jirani. Maporomoko yake si ya kutisha, yapata mita 15 tu, lakini mlio wa maji hufunika honi za magari. Mwendo mfupi kutoka hapo yapo mapango ambamo, wasemavyo wazee, wapiganaji wa Mau Mau walijificha miaka ya 1950. Niliinama nikaingia. Giza, baridi, harufu ya udongo mbichi. Nikawaza jinsi mtu alivyolala humo, masikio juu, akisikiliza viatu vya askari wa Mwingereza.

Msitu wenyewe nao ulihitaji wapiganaji, tena baada ya uhuru. Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa wakubwa wajengeo majumba. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda miti. Miche tu, hawakuwa na silaha! Walinzi wa kukodiwa wakawapiga, naye akapasuliwa kichwa. Kituoni alitia sahihi mashtaka yake kwa damu yake mwenyewe. Agosti mwaka ule ule Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.