Joto Lililofichika Katika Ukuta wa Hoover

Bila shaka umepata kumwona fundi akilowesha ardhi kabla ya kumwaga zege la sakafu. Huenda ulidhani anatuliza vumbi. Kumbe ardhi kavu yenye joto hunyonya maji ya zege na kuliharakisha kuganda.

Katika sakafu ya nyumba jambo hili ni dogo. Bali zege likiwa nene kama kilima, joto lake na joto la ardhi iliyolibeba huamua kama jengo litasimama salama. Hayo yaliwakabili wahandisi wa Marekani miaka ya 1930, walipojenga bwawa la Hoover katika mto Colorado, mpakani mwa Nevada na Arizona. Kimo cha ukuta wake ni meta 221.

Yafaa ujue kwamba saruji haigandi kwa kukauka. Huganda kwa kuungana na maji, na muungano huo huzaa joto. Sakafu nyembamba hulipoteza joto hilo upesi. Zege nene hulihifadhi moyoni mwake. Juu hupozwa na hewa, chini hupozwa na mwamba, maana jua la mchana haliufikii mwamba wa kina. Tena zege lipoapo hunywea. Lakini sehemu iliyoshikamana na mwamba haina nafasi ya kunywea, kwa kuwa mwamba hausogei. Zege hustahimili sana kukandamizwa, ila kuvutwa halikuwezi, basi hupasuka. Nao ukuta uliozuia mto mzima, ufa wake waweza kupitisha maji.

Je, waliyajuaje hayo kabla ya kumwaga? Walipiga hesabu. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alichapisha kitabu kuhusu namna joto lisafirivyo katika vitu vigumu, na hesabu zake alizitumia hata kueleza jinsi joto la jua lipenyavyo ardhini. Kwa hesabu za namna hiyo, bila kompyuta, wahandisi walikadiria kwamba ukuta ule ukiachwa upoe wenyewe ungechukua zaidi ya miaka 100.

Kwa hiyo hawakuumwaga kwa mkupuo mmoja. Tangu Juni 1933 walijenga vitalu, kila tabaka likiwa na kimo cha futi 5 hivi, na ndani yake wakalaza mabomba ya chuma ya inchi 1. Urefu wa mabomba yote ulizidi kilometa 900! Kwanza yalipitishwa maji ya mto, kisha maji yaliyotiwa baridi kwa mtambo. (Utasikia hadithi kwamba wafanyakazi wamezikwa ndani ya zege lile. Usiisadiki, matabaka yalikuwa membamba mno kummeza mtu. Waliokufa kazini, 96 kwa hesabu ya serikali, walikufa kwa mawe yaliyoporomoka, kwa baruti na kwa ajali nyingine, na hayo yatosha kuhuzunisha.)

Zege la mwisho lilimwagwa Mei 1935. Vitalu vilipokwisha kunywea, mianya iliyobaki kati yake ilijazwa uji wa saruji. Mabomba nayo yakajazwa uji huohuo, nayo yangali mle ndani mpaka leo.