Upigaji picha wa ndovu, Marsabit

Upigaji picha wa ndovu wa Marsabit ulipata umaarufu miaka ya 1920, katika msitu wa mlima unaochomoza jangwani kaskazini mwa Kenya. Jina la Marsabit si geni Kiamaiko, wadi ya eneo bunge la Mathare jijini Nairobi: mbuzi wengi wanaoshushwa kwenye vichinjio vya mtaa huo hutoka huko na Moyale, nao Waborana, Wagabra na Waburji wana biashara na makazi humo. Huko Marsabit, ndovu ndiye anayempima mpiga picha ujasiri.

Wamarekani Martin na Osa Johnson, mume na mke, walipiga kambi kando ya ziwa la kreta, Gof Sokorte Guda, kuanzia 1924 hadi 1927, wakaliita Paradise. George Eastman, mwanzilishi wa Kodak, aliwafadhili, na mwaka 1926 akaja kuwatembelea. Martin alizungusha mkono wa kamera huku Osa akimlinda kwa bunduki. Usiku walitega kamera njiani: mnyama akigusa uzi, unga wa mwanga unalipuka na picha inapigwa. Filamu yao Simba ilitoka 1928. Hapa sifa zao hupungua, kwani baadhi ya wanyama walichokozwa hadi wakashambulia, kisha wakapigwa risasi. Kamera ilikuwa bado haijaachana na uwindaji.

Mambo yalikuwa tofauti kwa Ahmed, ndovu dume wa msitu huohuo, ambaye pembe zake zilikaribia kuburura chini. Picha na filamu zilimpa jina hata ng'ambo, na watu wakahofia majangili. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe. Askari wenye silaha wakawa wanamfuata msituni. Ni ndovu wachache mno duniani waliowahi kupewa heshima hiyo. Alikufa 1974, kwa uzee. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini 1977.

Leo mgeni hifadhini hupiga picha akiwa ndani ya gari, isipokuwa mahali palipotengwa, na droni huhitaji kibali. Kwa anayetoka Kiamaiko, Hifadhi ya Taifa ya Nairobi iko karibu, lakini haina ndovu wa porini. Mfano wa Ahmed, wa ukubwa wake halisi, uko katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi.