Fahamu: Kompyuta inavyoirusha ndege kabla haijaundwa

Ukipanda Boeing 787 ya Air Tanzania au ya Kenya Airways, umekaa ndani ya ndege iliyokwisha "kuruka" mara nyingi kwenye kompyuta kabla bawa lake la kwanza halijaundwa. Katika makala haya tunaeleza kazi hiyo hufanywaje, imefika wapi, na kwa nini bado haitegemewi peke yake.

Hufanywaje?

Mwendo wa hewa hufuata milinganyo ya hesabu iliyotungwa karne ya 19 na Claude-Louis Navier wa Ufaransa na George Stokes, mzaliwa wa Ireland. Kwa umbo kama la ndege, milinganyo hiyo haiwezi kukokotolewa kwa kalamu na karatasi. Hivyo wahandisi huigawa hewa inayoizunguka ndege katika vijisanduku vidogo, mara nyingi mamilioni, kisha kompyuta hukokotoa kasi na mgandamizo wa hewa katika kila kimoja. Kwa kuwa kila kijisanduku huathiriwa na majirani zake, hesabu hurudiwa mpaka majibu yatulie.

Imesaidia nini?

Zamani tegemeo kubwa lilikuwa handaki la upepo, ambamo mfano mdogo wa ndege hupulizwa hewa na kupimwa. Kwa Boeing 767, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1981, mabawa 77 ya majaribio yalipitishwa humo. Kwa 787, iliyoruka mwaka 2009, yalikuwa 11 tu. Mengine yalichujwa na kompyuta.

Mfano mwingine ni Boeing 737-300 ya mwaka 1984. Ilipewa injini nene kuliko za awali, ilhali ndege yenyewe iko karibu na ardhi. Kompyuta iliwasaidia wahandisi kuisogeza injini karibu na bawa bila kuongeza ukinzani wa hewa kupita kiasi. Ukitazama kasha la injini hiyo, utaona chini ni bapa kidogo.

Inakwama wapi?

Ndege ikiwa juu katika mwendo wa kawaida, hewa hushikamana na bawa na kompyuta hupatia vizuri. Ugumu huja inapopunguza mwendo ili kutua, pua ikiwa juu. Hewa inaweza kujitenga na bawa na kuvurugika katika mizunguko mikubwa na midogo. Kuikokotoa yote kunahitaji nguvu kubwa mno ya kompyuta, kwa hiyo wahandisi hutumia makadirio, na makadirio hukosea. Ndipo pia rubani ana nafasi ndogo ya kujirekebisha, kwa kuwa ardhi iko karibu. Ripoti ya NASA ya mwaka 2014, iliyotazama mbele hadi 2030, iliutaja udhaifu huu.

Mbele kuna nini?

Mwaka 2022 kompyuta ya Frontier nchini Marekani ilivuka hesabu bilioni moja mara bilioni moja kwa sekunde. Mashine za aina hiyo zinaruhusu makadirio machache zaidi. Watengenezaji wanatumaini kupunguza safari za majaribio, ambazo ni ghali, na kubuni maumbo mapya yanayotumia mafuta kidogo.

Lakini umbo jipya halina historia ya kulilinganisha nalo. Ndiyo maana majibu ya kompyuta hupimwa kwanza dhidi ya vipimo halisi, na kabla abiria hajapanda, rubani wa majaribio bado huirusha ndege mpya mwenyewe.