Shaba, Mafuta na Ndugu: Safari za Tela Milimani Kitonga

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia imeandikwa sana katika historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, na hiyo ni haki yake. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa hila mwezi Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia ya kufikia bahari isiyopita mikononi mwao. Malori yenye matela yakaanza kupandisha mafuta na kuteremsha shaba katika barabara iliyogeuka tope kila masika, hata wageni wakaiita Njia ya Jehanamu. Lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lililosahauliwa ni kwamba juu ya mizigo hiyo walikaa pia watu waliokwenda kuwaona jamaa zao.

Ili kulielewa jambo hili, yatupasa kurudi nyuma. Katika utawala wa Waingereza, mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji vibarua wengi kuliko waliopatikana jirani. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, na Ubena ukawa mojawapo ya nchi zilizotoa vijana wengi. Kijana alipewa namba, akapakiwa katika lori, akateremshwa milimani. Ndiyo asili ya neno manamba. Mkataba ulikuwa na mwisho wake, lakini si wote waliorudi. Walioa huko, wakazaa huko, wakazikana huko. Huku Njombe akabaki mama asiyejua kama mwanawe yu hai.

Undugu wa namna hiyo haukuweza kuponywa kwa barua. Mtoto hana budi kuonyeshwa kwa bibi yake. Mahari hayajadiliwi bila wajomba. Na msiba, hata ukiwa umepita mwaka mzima, hudai miguu ya mtu. Barua hailii kaburini.

Mabasi yalikuwa machache. Basi msafiri alikaa kando ya barabara pale Morogoro na kifurushi chake, akapatana na dereva, na utingo akamvuta juu ya tela, penye magunia na turubai. Haifai kuisifu safari hiyo kupita kiasi: tela halikuundwa kubeba watu, na korongo za Kitonga zimeficha mabaki ya magari mengi. Hata hivyo watu walipanda. Walipita Mikumi wakiwatazama wanyama, wakashuka katika joto la Ruaha Mbuyuni, kisha wakaanza kuukwea mlima. Hapo lori liliguna kwa gia nzito, likaenda polepole mno hata utingo akaweza kutembea kando yake akiwa amebeba gogo, tayari kulitia nyuma ya gurudumu injini ikishindwa. Abiria walinyamaza. Walipofika juu, baridi ya Uhehe iliwakuta wamevaa nguo za pwani, na hapo ndipo maneno yaliporudi. Mngoni na Mhehe, ambao babu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19, walitupiana utani mbele ya watu wasiofahamiana, na blanketi moja likafunika watatu.

Kufika mwaka 1976 reli ya TAZARA ilikuwa imekwisha kukabidhiwa, na wengi wakahamia garimoshi, kwa kuwa nalo lilisimama Makambako. Kutoka hapo hadi Njombe ilibaki safari nyingine, kwa gari lolote lililopatikana au kwa miguu.

Wajukuu wa manamba walifika wakijua Kiswahili peke yake. Wengine walikuwa wamejifunza neno moja tu njiani, juu ya tela, kutoka kwa abiria wenzao: "Kamwene." Walilisema vibaya, mlangoni, jioni. Bibi aliitikia, akawashika mkono, akawapeleka kwanza kwenye makaburi, kabla ya kuwapa maji.