Armored Core: roboti iliyotupa risiti Kawangware 46

  Leo sitaandika juu ya hifadhidata wala makosa ya programu, ingawa mwishoni tutafika huko kwa njia ya mzunguko. Leo ni gemu.

Juzi mpwa wangu alikuwa kwangu akicheza Armored Core VI, gemu ya roboti kubwa za vita iliyotoka Agosti 2023. Alimaliza kazi aliyopewa, skrini ikaleta hesabu, akanigeukia amekunja uso.

"Mjomba, mbona wananikata pesa ya risasi? Si nimeshinda?"

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Swali hilohilo nililiuliza mwaka 2001, nikiwa nimekaa juu ya kreti ya soda ndani ya kibanda cha gemu Kawangware 46. Nikaamua niliandikie historia, maana jibu lake ni refu na lilinigharimu.

Tuanze Japani. Katuni za roboti kubwa ni za zamani kule. Mwaka 1956 Mitsuteru Yokoyama alianza kuchora Tetsujin 28, roboti inayoongozwa na mtoto kwa rimoti. Mwaka 1972 Go Nagai akaleta Mazinger Z na kumweka rubani ndani ya roboti yenyewe. Mwaka 1979 ikaja Gundam, ambapo roboti si shujaa tena bali ni chombo cha jeshi kama kifaru: inaharibika, inatengenezwa, inaishiwa. Gemu zilifuata. Mwaka 1995 Sega walitoa Virtual-On, mashine ya sarafu ambayo mchezaji aliongoza roboti yake kwa vijiti viwili. Ilikuwa na kasi ajabu, lakini hakuna aliyekuuliza risasi zako zimelipwa na nani.

Armored Core ndiyo iliyouliza. Ilitoka Japani Julai 1997 kwa PlayStation ya kwanza. Walioitengeneza ni FromSoftware wa Tokyo, kampuni iliyoanzishwa 1986, na hapa sisi waandishi wa programu tunaweza kutembea kifua mbele: haikuanza na gemu. Miaka yake ya mwanzo ilikuwa ikiandika programu za kazi za ofisi. Gemu yake ya kwanza, King's Field, ilitoka Desemba 1994, mwezi uleule PlayStation ilipoanza kuuzwa. Roboti za Armored Core zilichorwa na Shoji Kawamori, aliyejulikana kwa katuni ya Macross ya 1982. Lakini kila nikiitazama gemu ile naona mkono wa watu waliowahi kukaa na mhasibu.

Ndani ya gemu wewe ni askari wa kukodiwa, wanakuita Raven. Dunia imeshikwa na makampuni makubwa mawili yanayopigana, na yote mawili yanakutumia barua za kazi. Unachagua kazi, unaenda, unapiga, unarudi. Kisha inakuja risiti. Tuseme malipo ni 20,000. Risasi ulizopiga 6,400. Matengenezo ya roboti 9,100. Kinachobaki mfukoni ni 4,500. Ukipiga ovyo, unaweza kushinda vita na kurudi nyumbani na hasara. Upanga wa leza haukuwa na gharama ya risasi, kwa hiyo sisi watoto wa mtaani tuliupenda sana.

Kwa wale ambao hawajawahi kufungua PlayStation ya kwanza, mashine yenyewe ilikuwa maskini. Prosesa yake ilikwenda megahezi 33.8, kumbukumbu kuu ilikuwa megabaiti 2, na ya picha megabaiti 1. Haikuwa na kitengo cha namba za desimali, kila kitu kilihesabiwa kwa namba nzima, ndiyo maana kuta za gemu zile zilitetemeka kama zina homa. Binadamu kwenye mashine hiyo alionekana kama boksi lenye uso. Roboti inasamehe. Chuma hakipindi kama ngozi. Unaweza kukata kichwa, mikono na miguu kila kimoja peke yake, ukavibadilisha, na macho yasilalamike. Armored Core ilijengwa juu ya hilo: roboti nzima ilikuwa vipuri, na kila kipuri kilikuwa na bei, uzito na umeme kinaokula. Ukizidisha uzito, miguu haibebi.

Sasa twende Kawangware. Mnaoijua mnajua kwamba 46 ni namba ya matatu ya kutoka mjini, na mahali palichukua jina la namba. Kibanda cha gemu kilikuwa cha mabati, kati ya muuza mkaa na kinyozi. PlayStation mbili, runinga mbili, benchi moja na kreti. Mwenyewe tulimwita Fundi kwa sababu alitengeneza redio pia. Mashine zake zilikuwa na chipu. PlayStation ilisoma alama fulani iliyofichwa karibu na katikati ya sidii halisi, alama ambayo mashine za kunakili hazikuweza kuiandika, na kazi ya chipu ilikuwa kuidanganya PlayStation kwamba alama ipo. Hivyo ndivyo gemu zilivyotufikia sisi wa shilingi tano kwa dakika kumi.

Mfalme wa kibanda alikuwa Winning Eleven, na Tekken 3 alikuwa waziri wake. Armored Core ilikuja ndani ya rundo la sidii zisizo na jina. Wengi waliijaribu mara moja wakaiacha, maana inaanza na mtihani: uangushe roboti ndogo mbili ndipo ukubaliwe kuwa Raven, na ukifeli imekwisha. Bila memori kadi, kila ukilipa dakika kumi unaanza na mtihani uleule. Tulikuwa marafiki wanne. Tuliufanya mtihani huo mara nyingi kuliko mitihani ya shule.

Basi tukachanga. Wiki tano, shilingi tano tano, mpaka tukanunua memori kadi ya mitumba Luthuli Avenue. Memori kadi ile ilibeba kilobaiti 128, zimegawanywa vyumba 16 vya kilobaiti 8. Chumba cha kwanza ni cha orodha, vilivyobaki 15 ni vya kuhifadhia gemu. Utajiri wetu wote uliishi humo. Mimi nilikuwa darasa la saba na hesabu nilizipenda, kwa hiyo wakaniweka mweka hazina. Nilikuwa na kitabu cha mraba ambamo nilinakili kila risiti ya gemu: malipo, risasi, matengenezo, kilichobaki.

Halafu tukasikia uvumi. Kijana mmoja mkubwa alisema ukizama kwenye deni ndani ya gemu, ukashuka chini ya sifuri kwa 50,000, hawakufukuzi. Wanakupasua. Wanaufanyia mwili wako majaribio, unarudi mwanzo wa gemu ukiwa na nguvu: unaona rada bila kununua kipuri chake, na mizinga mizito unaipiga huku unatembea bila kupiga goti. Tulidhani ni uongo wa mtaa. Ilikuwa kweli. Gemu inakiita kitu hicho Human Plus.

Nikaamua kuzama. Kazi ni rahisi: unaenda vitani, unamwaga risasi hewani, unaacha upigwe, unafeli, unarudi na bili. Rudia. Lakini kufeli nako kunakula dakika, na dakika ni shilingi. Fundi alikuwa na daftari la wateja anaowaamini, na mimi aliniamini kwa sababu ya kile kitabu changu cha mraba. "Andika, Fundi, nitalipa Jumamosi." Akaandika. Ili nitengeneze deni ndani ya runinga, nilikuwa natengeneza deni lingine nje ya runinga, na sikuliona. Siku tuliyopata Human Plus tulipiga kelele mpaka kinyozi akaja kuchungulia. Siku hiyohiyo Fundi alijumlisha. Shilingi 180.

Akaichomoa memori kadi kwenye mashine, akaitia mfukoni. "Hii nakaa nayo mpaka umalize." Ilikuwa yetu wanne. Wenzangu watatu walinitazama, hakuna aliyesema kitu.

Mama alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za Lavington. Nilimficha siku nne, ya tano akaambiwa na jirani. Alipotoka kazini hakupitia nyumbani. Alikuja moja kwa moja kibandani, mikono bado imekunjamana kwa maji.

"Fundi, nionyeshe daftari."

Alisoma mstari kwa mstari. "Hapa umeandika kumi mara mbili siku moja."

"Alikuja asubuhi na jioni, mama."

Akanigeukia. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

Hakunipiga. Alilipa shilingi 60 papo hapo, na nilijua ni za unga. Zile 120 zikabaki zangu. Nilifagia kibanda na kumbebea Fundi maji kila Jumamosi mpaka muhula ukaisha. Niliporudishiwa kadi nilikimbia kuichomeka. Vyumba vyote 15 vilikuwa vimejaa data za Winning Eleven. Fundi aliitumia dhamana yangu kwa wateja wake. Raven wetu, na rada yake ya bure, hakuwepo tena.

Wawili kati ya wale marafiki tuliongea tena baadaye. Mmoja hapana.

Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu Steel Battalion, gemu ya Capcom ya 2002 kwa Xbox. Iliuzwa Marekani dola 200 pamoja na meza yake ya kuongozea: vitufe kama 40, vijiti viwili na pedali tatu chini. Roboti yako ikilipuka usipobonyeza kwa wakati kitufe cha kujiokoa, rubani anakufa na gemu inafuta kila ulichohifadhi. Wachezaji wa kule walilisifu jambo hilo kuwa la kijasiri. Nami nikasema, kumbe kuna watu wanalipa dola 200 wafanyiwe nilichofanyiwa na Fundi.

Sasa ule mzunguko niliowaahidi. Ninaandika programu za vyama vya akiba na mikopo midogo. Mtu yeyote aliyewahi kuandika programu ya pesa anajua swali hili: salio likifika sifuri, nini kitokee? Gemu nyingi hazihangaiki. Huna pesa, hununui, basi. FromSoftware waliacha namba iende chini ya sifuri, wakaweka mpaka kwenye 50,000, na wakaandika nini kitatokea hapo. Kompyuta haikuamua. Kuna mtu alikaa kitini, akaandika sharti: salio likiwa chini ya hapa, chukua mwili wake. Kama hadithi ni kali sana. Kama programu ni mstari mmoja.

Kenya tumeiona mistari ya namna hiyo. Programu nyingi za mikopo ya simu zilipokuja, baadhi zilichukua orodha yote ya majina kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa wakampigia shangazi yake, bosi wake, mchungaji wake. Hawakuchukua mwili, walichukua heshima. Sheria ya kuipa Benki Kuu ya Kenya mamlaka juu ya wakopeshaji hao ilipitishwa 2021, na kanuni za Machi 2022 zikakataza kuwaaibisha wadaiwa kwa njia hiyo. Lakini kabla ya kanuni kulikuwa na mwandishi wa programu kama mimi, kitini, aliyeandika sharti akaenda kula chakula cha mchana.

Mimi pia nimeombwa kuandika. Mteja mmoja alitaka mwanachama akichelewa siku tatu, wanachama wote wa kikundi wapate ujumbe wenye jina lake. Nilimwambia kwanza tuweke kitu kingine: mdaiwa aone daftari lake lote, mstari kwa mstari, na awe na mahali pa kuandika "hapa si kweli". Tulibishana wiki mbili. Ujumbe wa kuaibisha haukuingia. Sikumweleza kwamba wazo lile nililitoa kwa mwanamke mwenye mikono iliyokunjamana, ndani ya kibanda cha mabati.

FromSoftware wenyewe walikwenda mbali. Hidetaka Miyazaki, aliyeongoza Armored Core 4 ya 2006, ndiye baadaye aliyeongoza Demon's Souls ya 2009, Dark Souls ya 2011 na Elden Ring ya 2022. Dunia inawajua sasa kwa majoka na mapanga. Lakini waliporudi kwenye roboti 2023, risiti ilikuwepo palepale.

Mpwa wangu bado alikuwa anangoja jibu.

"Umeshinda," nikamwambia, "lakini risasi si za bure. Nani alizinunua?"

Akafikiri kidogo. Akauza bunduki moja, akanunua upanga wa leza.

Nikanyamaza, nikaenda kutafuta kitambaa cha kupangusia chai.